Bunge la Ulaya na Makamishna Wateule: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila baada ya miaka mitano, kati ya Julai na Desemba, Bunge la Ulaya hupitia jina moja baada ya jingine la watu wanaotaka kuiongoza Kamisheni ya Ulaya. Habari nyingi huishia kwenye matokeo ya kura ya mwisho. Lakini kura hiyo ikifika, mengi huwa yameshaamuliwa wiki kadhaa nyuma, ndani ya kamati. Majibu haya yanaeleza kazi hiyo inavyokwenda, inapokwama, na inavyotofautiana na ilivyo katika mabunge ya nchi za Ulaya zenyewe.

Kamisheni ya Ulaya ni nini, na kwa nini Bunge liiidhinishe?

Kamisheni, ambayo baadhi ya redio za Kiswahili huiita Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, ndiyo mkono wa utendaji wa Umoja huo. Ndiyo inayoandaa karibu miswada yote, inayosimamia bajeti, inayotoza faini makampuni yanayovuruga ushindani, na inayojadiliana na nchi nyingine kuhusu biashara. Ina watu 27 waitwao makamishna, mmoja kutoka kila nchi mwanachama, akiwemo rais wake. Hakuna hata mmoja kati yao anayepigiwa kura na wananchi kwa cheo hicho. Majina yanaletwa na serikali za nchi zao. Bunge la Ulaya, lenye wabunge 720 tangu uchaguzi wa 2024, ndicho chombo pekee cha Umoja kinachochaguliwa moja kwa moja na wananchi, na limekuwa hivyo tangu 1979. Bila kibali chake, Kamisheni haiingii ofisini.

Je, Bunge linaweza kumkataa kamishna mmoja na kuwapitisha wengine?

Kisheria, haliwezi. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inasema rais wa Kamisheni, Mwakilishi Mkuu wa mambo ya nje na makamishna wengine wote wanapigiwa kura moja, kwa pamoja. Ni wote au hakuna.

Kwa vitendo, linaweza, na limefanya hivyo mara kadhaa. Siri iko kwenye Kanuni za Bunge lenyewe. Mkataba wa Maastricht ulipoanza kutumika mwaka 1993, ulilipa Bunge kura ya kuidhinisha Kamisheni nzima, lakini haukusema neno lolote kuhusu kumhoji mtu mmoja mmoja. Bunge likajitungia utaratibu huo: Januari 1995 makamishna wa Jacques Santer, rais mteule wa wakati huo, wakaitwa mbele ya kamati, kila mmoja peke yake. Tangu hapo, kamati ikimkataa mtu, rais wa Kamisheni hubaki na njia mbili. Ama amwondoe au ambadilishie majukumu, ama aende kwenye kura ya jumla akijua kwamba jina moja bovu linaweza kuwazamisha wote 27. Hakuna rais aliyethubutu kuifuata njia ya pili hadi mwisho.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye funzo kubwa la mfumo huu: Bunge lilipewa rungu zito mno kutumika, likalitumia kama tishio, na tishio hilo ndilo lililozaa uwezo ambao Mkataba haukuutaja.

Hatua zenyewe ni zipi?

Wananchi wakishapiga kura, Baraza la viongozi, yaani marais na mawaziri wakuu wa nchi wanachama, hupendekeza jina moja la rais wa Kamisheni. Wanatakiwa kuzingatia matokeo ya uchaguzi wa Bunge. Bunge humchagua au kumkataa kwa kura ya siri. Akikataliwa, viongozi wana mwezi mmoja wa kuleta jina jingine.

Rais akishachaguliwa, serikali za nchi humpelekea majina, naye humgawia kila mmoja dhamana yake: kilimo, biashara, afya na kadhalika. Orodha hupitishwa kwa makubaliano kati yake na Baraza la mawaziri. Kisha ndipo kazi ya Bunge inapokuwa nzito: Kamati ya Masuala ya Sheria hukagua matamko ya maslahi, wateule hupelekewa maswali ya maandishi, hufuata mahojiano ya ana kwa ana, kamati hutoa tathmini, na mwisho Bunge zima hupiga kura ya wazi, jina la kila mbunge likiandikwa kando ya kura yake. Baada ya kibali hicho viongozi wa nchi huiteua Kamisheni rasmi.

Mwaka 2024 rais alichaguliwa tarehe 18 Julai, mahojiano yakafanyika kuanzia tarehe 4 hadi 12 Novemba, kura ya jumla ikapigwa tarehe 27 Novemba, na Kamisheni ikaanza kazi tarehe 1 Desemba.

Kura ngapi zinatosha?

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kuna vipimo viwili tofauti.

Rais anahitaji wingi wa wabunge wote waliopo kwenye orodha, si wa waliopiga kura tu. Mbunge asiyefika, anayeacha karatasi tupu au anayeiharibu, anamnyima rais kura sawasawa na aliyesema hapana. Mwaka 2019 kiwango kilikuwa 374, na Ursula von der Leyen akapata 383: alivuka kwa kura 9 tu. Mwaka 2024 kiwango kilikuwa 360, akapata 401.

Kamisheni nzima, kwa upande wake, inahitaji wingi wa kura za ndiyo dhidi ya za hapana. Wanaojizuia hawahesabiwi upande wowote. Novemba 2024 matokeo yalikuwa ndiyo 370, hapana 282, na 36 wakajizuia. Miaka mitano kabla yake, chini ya rais huyohuyo, ilikuwa ndiyo 461, hapana 157, na 89 wakajizuia. Ukizitazama jozi hizo mbili utaona jinsi uwanja wa kuungwa mkono ulivyopungua, ingawa hakuna jina hata moja lililokataliwa mwaka 2024.

Tofauti ya usiri nayo ina uzito. Kwenye kura ya rais, mbunge anaweza kumgeuka kiongozi wa chama chake bila kujulikana. Kwenye kura ya Kamisheni nzima hawezi. Ndiyo maana Julai huwa mwezi wa wasiwasi zaidi kwa mteule wa urais.

Kamati ya Masuala ya Sheria inatafuta nini?

Inatafuta mgongano wa maslahi: hisa, mikopo, kampuni za ukoo, kazi za pembeni, kazi ya mwenzi wa ndoa. Kila mteule hujaza tamko, na kamati hulisoma ikilinganisha na dhamana aliyopewa. Hisa za kampuni ya umeme huenda zisiwe na neno kwa kamishna wa utamaduni, lakini kwa kamishna wa nishati zina neno kubwa. Kamati inaweza kuomba maelezo zaidi, kumwita mteule, au kumtaka auze hisa kabla ya kuendelea.

Kanuni zilizofanyiwa marekebisho kabla ya uchaguzi wa 2019 ziliifanya hatua hii kuwa geti. Bila kamati kukiri kwamba hakuna mgongano, hakuna mahojiano. Matokeo yakaonekana mwaka huohuo: Rovana Plumb wa Romania, aliyeulizwa kuhusu mikopo, na László Trócsányi wa Hungary, aliyeulizwa kuhusu kampuni ya mawakili aliyoianzisha, wote wawili walizuiwa hapo. Hawakufika hata kwenye kiti cha kuhojiwa. Nchi zao zikaleta majina mengine, Adina Vălean na Olivér Várhelyi.

Udhaifu wa hatua hii ni kwamba inategemea kile mteule mwenyewe alichokiandika. Kamati si polisi na haina wapelelezi. Na wajumbe wake ni wabunge wa vyama, wanaokagua watu wa vyama vyao na vya wapinzani wao.

Mahojiano yanaendaje ndani ya chumba?

Yanachukua saa tatu ikiwa kamati moja ndiyo yenye dhamana husika, au saa nne kamati zikiwa zaidi ya moja. Mteule hufungua kwa hotuba isiyozidi dakika 15. Kisha huja maswali, yakigawanywa kwa makundi ya vyama kulingana na ukubwa wao. Mwaka 2024 mpangilio ulikuwa huu: mbunge ana dakika moja ya kuuliza, mteule dakika mbili za kujibu, mbunge dakika moja ya kurudia swali alilokwepwa, na mteule dakika moja ya mwisho. Mteule humalizia kwa maneno machache ya kufunga.

Ile dakika ya kurudia swali ndiyo inayomfichua mtu. Jibu la kwanza huwa limekaririwa. Wateule hufanyishwa mazoezi kwa wiki nyingi na hutembea na mafaili mazito ya majibu. Mbunge akishika namba moja, kifungu kimoja au ahadi moja na kusema "hukunijibu", karatasi haisaidii tena. Mwenye kuijua kazi huingia kwenye undani. Asiyeijua hurudia kwamba suala hilo ni muhimu sana na kwamba atashirikiana kwa karibu na Bunge.

Mteule anaruhusiwa kutumia lugha yoyote kati ya lugha rasmi 24, na wakalimani hutafsiri papo kwa papo. Wengi huchanganya lugha mbili au tatu, na mara nyingi huanza kwa lugha ya nyumbani na kumalizia kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtu akishikilia Kiingereza asichokimudu, akashindwa kujieleza, huonekana hajui kazi hata kama anaijua. Kutumia lugha ya mama si aibu hapo, na wateule wenye busara hufanya hivyo.

Baada ya mahojiano, nani anaamua?

Si kamati nzima papo hapo. Kila kundi la chama lina mratibu wake ndani ya kamati. Waratibu hukutana faraghani mara tu baada ya mahojiano. Waratibu wanaowakilisha theluthi mbili ya wajumbe wa kamati wakikubali, mteule amepita, na barua ya tathmini huandikwa. Wasipofikia theluthi mbili, wanaweza kumpelekea maswali mengine ya maandishi au kumwita tena kwa saa moja na nusu. Ikishindikana, kamati yote hupiga kura ya siri, na hapo wingi wa kawaida unatosha.

Tathmini yenyewe inapaswa kuangalia uwezo wa jumla, uhuru wa mtu dhidi ya serikali iliyomtuma, moyo wake kwa Umoja wa Ulaya, na ujuzi wa dhamana aliyopewa. Kamati inaweza kusema mtu anafaa kuwa kamishna ila si kwa dhamana hiyo. Ndivyo ilivyomkuta Tibor Navracsics wa Hungary mwaka 2014: alikubaliwa, lakini masuala ya uraia yakaondolewa kwenye mikono yake.

Ni akina nani wameangushwa, na kwa sababu gani?

Kesi iliyofungua njia ni ya Rocco Buttiglione wa Italia, mwaka 2004. Alipewa dhamana ya haki, uhuru na usalama, dhamana inayobeba vita dhidi ya ubaguzi. Kauli zake kuhusu mashoga na nafasi ya wanawake katika ndoa zilizua mtafaruku, na kamati ikamkataa kwa kura 27 dhidi ya 26. Kura moja! Rais mteule wa Kamisheni, José Manuel Barroso, alijaribu kumbakiza kwa kumpunguzia majukumu. Tarehe 27 Oktoba, Bunge likiwa limekaa tayari kupiga kura, akahesabu na kuona atashindwa, akaiondoa orodha nzima mezani. Italia ikamleta Franco Frattini. Latvia nayo ikambadilisha Ingrida Udre kwa Andris Piebalgs. Na László Kovács wa Hungary, aliyeonekana hajui nishati, akahamishiwa kodi. Orodha hiyo mpya ilipita tarehe 18 Novemba kwa kura 449 dhidi ya 149. Tangu siku hiyo kila rais mteule huwasikiliza waratibu kwanza.

Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Rumiana Jeleva wa Bulgaria, aliyepangiwa misaada ya kibinadamu. Aliulizwa kuhusu kampuni na tamko lake la maslahi, majibu yakawa ya kubabaika, akajitoa mwenyewe kabla ya kura. Nafasi yake ilichukuliwa na Kristalina Georgieva, ambaye baadaye aliliongoza Shirika la Fedha la Kimataifa.

Alenka Bratušek wa Slovenia, mwaka 2014, aliangushwa na mambo mawili yaliyokutana. Jina lake lilipendekezwa wakati yeye mwenyewe bado ni waziri mkuu anayemaliza muda wake, na alipohojiwa kuhusu nishati hakuonyesha kuimudu. Kamati mbili kwa pamoja zilimpa hapana 112 na ndiyo 13. Violeta Bulc alikuja badala yake, akapewa uchukuzi, na dhamana ya nishati ikapangwa upya kwa watu wengine.

Sylvie Goulard wa Ufaransa, mwaka 2019, ndiye aliyeshangaza zaidi, kwa sababu alitoka nchi kubwa, alikuwa mbunge wa zamani wa Bunge hilohilo, na hakuna aliyeshuku akili yake. Kilichomwangusha ni uchunguzi uliokuwa ukiendelea kuhusu ajira ya msaidizi wake wa bunge, pamoja na kazi ya ushauri yenye malipo aliyoifanya akiwa mbunge. Aliitwa mara ya pili, na bado akakataliwa kwa kura 82 dhidi ya 29. Ufaransa ikamleta Thierry Breton. Kwa sababu ya mapengo hayo matatu ya mwaka 2019, Kamisheni mpya iliingia tarehe 1 Desemba badala ya tarehe 1 Novemba, na ile ya Jean-Claude Juncker ikaendelea mwezi mmoja zaidi.

Ukizipanga kesi hizi kwa pamoja utaona kwamba kutojua kazi peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Huanguka pale udhaifu huo unapokutana na doa la maadili, au na kundi la chama linalotaka kulipiza.

Kulipiza? Kwa hiyo ni siasa za vyama tu?

Si siasa tu, lakini siasa zimo, na mwaka 2024 zilizidi. Mahojiano yalikwenda vizuri kwa wengi, kisha tathmini za wateule saba zikashikiliwa kama mateka: Olivér Várhelyi wa Hungary na makamu sita wa rais watendaji. Chama cha Watu wa Ulaya, kundi kubwa la mrengo wa kulia wa kati, kilimbana Teresa Ribera wa Hispania kuhusu mafuriko ya Valencia ya Oktoba 2024. Wasoshalisti na waliberali walipinga Raffaele Fitto wa Italia kupewa cheo cha makamu wa rais, kwa kuwa anatoka kundi la wahafidhina walio kulia zaidi. Kila upande ulijua kwamba ukimwangusha wa mwenzako, wa kwako naye ataanguka. Tarehe 20 Novemba viongozi wa makundi wakafikia mapatano, na wote wakapita siku moja. Várhelyi alipita pia, akiwa amepunguziwa sehemu ya dhamana ya afya.

Mkataba haukuvunjwa. Hata hivyo, saa tatu za maswali mbele ya kamera hupoteza maana tathmini inapobadilishwa kuwa sarafu ya kununulia tathmini nyingine. Kanuni ya theluthi mbili ilikusudiwa kuleta maelewano mapana. Kwenye Bunge lililogawanyika inalipa kila kundi kubwa nguvu ya kulizuia jingine, na dawa yake bado haijapatikana.

Kamishna akiondoka katikati ya kipindi, Bunge lina kauli gani?

Ndogo zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Ibara ya 246 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja, nafasi hiyo hujazwa na Baraza la mawaziri kwa makubaliano na rais wa Kamisheni, Bunge likiombwa maoni tu. Bunge hata hivyo hufanya mahojiano yaleyale na kupiga kura ya siri, na hakuna rais anayependa kuipuuza. Phil Hogan wa Ireland alipojiuzulu Agosti 2020, Mairead McGuinness alipata ndiyo 583 na hapana 75. Wopke Hoekstra wa Uholanzi, Oktoba 2023, alipita kwa 279 dhidi ya 173, baada ya kamati kumtaka ajibu maswali ya ziada kwa maandishi kuhusu tabianchi.

Vipi Benki Kuu ya Ulaya na vyombo vingine?

Usidhani kila "kura ya Bunge" ina nguvu moja. Kwa wajumbe wa bodi tendaji ya Benki Kuu, Bunge hutoa maoni tu. Tarehe 25 Oktoba 2012 lilimkataa Yves Mersch wa Luxembourg kwa kura 325 dhidi ya 300, likilalamika kwamba bodi haikuwa na mwanamke hata mmoja. Viongozi wa nchi wakamteua hivyohivyo. Linganisha na Mamlaka ya Benki ya Ulaya: huko kibali cha Bunge ni cha lazima, na Januari 2020 lilipomkataa Gerry Cross asiwe mkurugenzi mtendaji, ikabidi atafutwe mwingine. Swali la kwanza la kuuliza unaposikia habari ya kura ya aina hii ni: Bunge linatoa kibali, au linatoa maoni?

Na mabunge ya nchi zenyewe?

Yanatofautiana sana, na tofauti kubwa ni nani anayebeba mzigo wa kupata wingi.

Ujerumani, Bundestag humchagua Kansela kwa kura ya siri, na anahitaji wingi wa wabunge wote. Tarehe 6 Mei 2025 Friedrich Merz alihitaji 316, muungano wake ulikuwa na wabunge 328, na bado akapata 310. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia kwa mteule wa Ukansela kukwama raundi ya kwanza baada ya mazungumzo ya muungano kukamilika. Raundi ya pili siku hiyohiyo akapata 325. Mawaziri hawapigiwi kura kabisa.

Sweden wamegeuza hesabu. Mteule wa uwaziri mkuu hahitaji wengi wa kumuunga mkono. Anachohitaji ni wasifike 175 wa kumpinga kati ya 349. Magdalena Andersson alipata ndiyo 117 na hapana 174 tarehe 24 Novemba 2021, akapita kwa upungufu wa kura moja upande wa wapinzani. Saa chache baadaye alijiuzulu, baada ya bajeti yake kushindwa na chama mshirika kujitoa, kisha akachaguliwa tena tarehe 29 Novemba. Kwa mfumo wa Ujerumani asingeweza kuwa mkuu wa serikali kwa idadi hiyo raundi ya kwanza.

Hispania ina vipimo viwili mfululizo kwa mteule wa uwaziri mkuu: 176 kati ya 350 mara ya kwanza, na saa 48 baadaye wingi wa kawaida. Alberto Núñez Feijóo alishindwa zote mbili Septemba 2023. Pedro Sánchez akapita Novemba kwa 179 dhidi ya 171. Poland, tarehe 11 Desemba 2023, Sejm, yaani bunge la nchi hiyo, ilimnyima imani Waziri Mkuu Mateusz Morawiecki kwa 266 dhidi ya 190, na siku hiyohiyo ikamchagua Donald Tusk.

Ufaransa haina kura ya kumthibitisha waziri mkuu. Ila kwa marekebisho ya katiba ya 2008, uteuzi wa rais kwa baadhi ya vyeo vikubwa huzuiwa kama sehemu tatu kwa tano za kura za kamati mbili, ya Bunge na ya Seneti zikijumlishwa, ni za hapana. Yaani tatu kati ya kila tano. Februari 2025 Richard Ferrand, aliyependekezwa kuongoza Baraza la Katiba, alipata hapana 58. Zingefika 59 angekuwa nje.

Uingereza, kamati za Bunge zimekuwa zikiwahoji wateule wa taasisi za umma tangu 2008, lakini waziri anaweza kupuuza. Amanda Spielman alikataliwa na kamati ya elimu mwaka 2016 na bado akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa shule. Kighairi muhimu ni Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti: huko kamati ya fedha ina kura ya turufu kwa sheria.

Haya yanamhusu nini msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam?

Yanamhusu pale dhamana inapogusa biashara na misaada. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na kamishna wa biashara ndiye mwenye sauti kubwa katika utekelezaji wake. Novemba 2024 aliyehojiwa kwa dhamana hiyo ni Maroš Šefčovič. Kwa ubia wa kimataifa, dhamana inayobeba fedha za maendeleo, alikuwa Jozef Síkela wa Czechia. Majibu yao ya maandishi ni ahadi zilizowekwa hadharani, na mwandishi wa habari au shirika la wakulima wa maua linaweza kuzinukuu miaka mitatu baadaye.

Nikitaka kufuatilia mwenyewe, nianzie wapi?

Anza na majibu ya maandishi, si na video. Yanawekwa kwenye tovuti ya Bunge siku kadhaa kabla ya mahojiano, pamoja na tamko la maslahi. Weka alama sentensi zinazotaja tarehe au kiasi. Kisha tazama mahojiano, yanayorushwa moja kwa moja na kubaki kwenye hifadhi, na usikilize zaidi ile dakika ya kurudia swali. Mwisho soma barua ya tathmini. Ikisema mteule anafaa "kuwa mjumbe wa Kamisheni" bila kutaja kwamba anafaa kwa dhamana husika, ujue kuna jambo.

Akishaidhinishwa, Bunge linaweza kumwondoa?

Peke yake, hapana. Bunge linaweza kumwomba rais wa Kamisheni amwondoe, na kwa makubaliano ya 2010 kati ya vyombo hivyo viwili rais lazima ama amtake ajiuzulu, ama aje aeleze kwa nini anakataa. Silaha kamili ni kura ya kutokuwa na imani na Kamisheni yote. Inawasilishwa na sehemu moja ya kumi ya wabunge, inapigwa si chini ya siku tatu baadaye, tena waziwazi, na inahitaji theluthi mbili ya kura zilizopigwa, ambazo pia ziwe zaidi ya nusu ya wabunge wote. Haijawahi kufaulu. Januari 1999 ilishindwa kwa 232 dhidi ya 293, ingawa Kamisheni ya Santer ilijiuzulu yenyewe miezi miwili baadaye, baada ya ripoti ya wataalamu huru. Tarehe 10 Julai 2025, dhidi ya von der Leyen, kura za kumwondoa zilikuwa 175, za kumbakiza 360, na 18 wakajizuia.